Je, wajua kwa nini gwiji wa hoki ya barafu wa Kanada, Jarome Iginla, anaitwa "Mti Mkubwa"?

Ukiitazama hoki ya barafu kwa mara ya kwanza unaona wazungu watupu na mahelmeti yao wanabamizana ukutani, wanakimbizana na kisahani cheusi ambacho hata hukioni vizuri, afu ghafla unasikia mtangazaji anapiga kelele "Iginla!" na kama umewahi kukaa na Mnaijeria hata mmoja lazima masikio yasimame. Hilo jina ni Kiyoruba kabisa. Igi ni mti, nla ni kubwa. Sasa mti mkubwa wa kwa Wayoruba umeotaje kwenye barafu?

Ni habari ya mshua wake. Kijana wa Kinaijeria aitwaye Adekunle alitua Kanada akiwa na miaka 18, akajiita Elvis (jina ambalo hakuna mzungu atakuuliza linaandikwaje), na baadaye akaja kuwa mwanasheria. Huko akampata Susan, dada wa Kimarekani kutoka Oregon, na tarehe 1 Julai 1977, sikukuu ya taifa la Kanada, wakapata mtoto wa kiume pale Edmonton. Mtoto akapewa Jarome Arthur-Leigh Adekunle Tig Junior Elvis Iginla. Yaani karani wa vizazi siku hiyo alifanya kazi kweli. Jina la zamani la baba likarudi humo humo katikati, wala halikupotea.

Wazazi waliachana Jarome akiwa bado mdogo sana, akalelewa na mama kwenye mji wa St. Albert pembeni ya Edmonton. Mama alikuwa anafanya kazi ya masaji na kufundisha muziki, muda hautoshi, na hoki sio kama chandimu kwamba unatoka na mpira wa makaratasi mnacheza: kuna viatu vya kuteleza, fimbo, makinga ya mwili mzima, ada ya timu, na safari za mazoezi baridi ikiwa kali. Hapo ndo babu na bibi upande wa mama wakaingia, wao ndo walikuwa wanampeleka mazoezini na kumrudisha. Mimi nasema bila hao wazee hakuna Iginla.

Cha kuchekesha alianza kama kipa. Sababu ni Grant Fuhr, kipa mweusi wa Edmonton Oilers, timu iliyobeba kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), mara tano kati ya 1984 na 1990. Watoto walipomuuliza utafikaje NHL wakati weusi karibu hawamo, jibu lilikuwa mfukoni: mwangalieni Fuhr. Baadaye akahamia mbele, winga wa kulia, kufunga kukamkolea.

Mwaka 1995 Dallas Stars walimchagua akiwa wa 11 kwenye drafti, ile siku timu za NHL zinagawana vijana kwa zamu, na kabla hajawachezea hata mechi moja wakamtoa Calgary Flames ili wao wampate Joe Nieuwendyk. Sasa Calgary na Edmonton ni Simba na Yanga, halafu mtoto wa Edmonton ndo akaja kuwa kepteni wa Calgary kuanzia 2003! Msimu wa 2001–02 alifunga magoli 52, mfungaji bora wa ligi nzima, na katikati ya msimu huo huo akaenda na timu ya Kanada Olimpiki ya Salt Lake City, fainali wakaipiga Marekani 5-2, yeye akitupia mawili. Akawa mwanaume mweusi wa kwanza kuvaa dhahabu ya Olimpiki za baridi (Mweusi wa kwanza kabisa ni Vonetta Flowers wa Marekani, siku chache tu kabla yake.) Vancouver 2010 tena, lile goli la Sidney Crosby lililoipa Kanada dhahabu kwenye muda wa nyongeza, pasi ilikuwa ya Iginla akiwa anaanguka chini huku Crosby anamwita "Iggy!"

Stanley yenyewe hakuwahi kubeba, 2004 yeye na Calgary walifika fainali wakafa mechi ya saba mbele ya Tampa Bay. Inauma. Ila mechi 1,554 na magoli 625 sio mchezo, akachaguliwa kuingia jumba la magwiji mwaka wa kwanza tu aliporuhusiwa, 2020, na jezi yake namba 12 pale Calgary haivaliwi tena na mtu.

Na ukoo haujaishia hapo. Mwaka 2024 timu mpya ya Utah ilichagua kijana wake wa kwanza kabisa kwenye drafti, namba 6, kabla hata timu yenyewe haijacheza mechi. Anaitwa Tij Iginla, mtoto wa Jarome.