Kabla hujasema gemu ya utotoni imechuja

Mtu mzima akirudi kwenye gemu aliyoipenda utotoni, hukumu hutoka upesi: mhusika mzito, picha mbovu, na maruko aliyokuwa akiyapiga macho yamefumba sasa yanamtumbukiza shimoni. Lawama huenda kwa vidole vilivyozeeka, au kwa gemu yenyewe. Mimi huanza na TV. Gemu za kaseti za miaka ya 1980 na 1990 ziliundwa kwa skrini fulani, nyaya fulani na mwendo fulani. Zichomeke kwenye vifaa vya leo bila marekebisho, na utakuwa unahukumu gemu ambayo hukuwahi kuicheza.

TV ya kichogo ilichora picha mstari kwa mstari, kadiri ishara ilivyoingia. Haikuwa na mahali pa kuisubirisha. TV bapa hupokea fremu nzima, huikuza ijae skrini, huilainisha, ndipo huionyesha. Kwa 60 Hz, yaani fremu (picha moja kamili) 60 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 16.7. TV bapa iliyoachwa na mapambo yote ya picha inaweza kuchelewa milisekunde 100, sawa na fremu sita. Sasa chukua Super Mario Bros. ya 1985: Mario akikimbia kasi ya juu husogea pikseli 2.5 kwa kila fremu. Fremu sita ni pikseli 15, na tofali moja la gemu hiyo lina upana wa pikseli 16. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe pale macho yanapokwambia ruka, Mario halisi ameshapita mbele kwa karibu tofali zima. Hapo vidole havina kosa.

Tiba ya kwanza haina gharama. Ingia kwenye menyu ya picha ya TV, washa Game Mode, kisha zima kwa mkono kila kinacholainisha mwendo au kupunguza chengachenga, maana baadhi ya TV huacha baadhi ya vitu hivyo vikiwaka. Angalia pia kwamba umeiwasha kwenye tundu lilelile ulilochomeka mashine, kwa kuwa TV nyingi hutunza mipangilio ya kila tundu peke yake. Padi isiyo na waya nayo huongeza kuchelewa kwake, kwa hiyo wakati wa kupima tumia yenye waya.

Tatizo la pili hujificha zaidi. Mashine kama NES, Super Nintendo na Mega Drive hutoa picha ya mistari kama 240, kamili kila fremu (huitwa 240p). TV bapa nyingi, na vile visanduku vya bei ya chini vya kugeuza AV kwenda HDMI, hudhani ni ishara ya mistari 480 inayoletwa nusu kwa nusu, kisha huunganisha fremu mbili zisizohusiana. Matokeo yake ni ukungu wakati wa mwendo, kingo zenye meno, na kitu cha ajabu zaidi: mhusika aliyepigwa, ambaye anapaswa kuwaka na kuzimika kwa muda, anapotea kabisa au anabaki na mistari mwilini. Ukiona dalili hiyo, usihangaike na kaseti. Kinachohitajika ni kikuzaji kinachoijua 240p, kama OSSC au RetroTINK. OSSC huzidisha mistari bila kusubiri fremu nzima, hivyo ucheleweshaji wake hauhisiki. Kama una TV ya kichogo inayowaka vizuri, huhitaji chochote kati ya hivi. Na kwa gemu za bunduki kama Duck Hunt hakuna njia ya mkato: bunduki ya awali hutegemea skrini kuwa nyeusi kisha kuonyesha mraba mweupe kwa wakati kamili, na TV bapa huchelewa kuuonyesha.

Kuhusu sura ya picha, kosa la kawaida ni kuivuta ijaze skrini ya 16:9. Mario ananenepa, na duara linakuwa yai. Weka 4:3. NES na Super Nintendo huchora pikseli 256 kwa upana, na TV ya kichogo ilizitanua kidogo ziwe na uwiano wa 8:7. Wapo wanaosisitiza pikseli za mraba kwa sababu zinaonekana safi. Naona wanakosea, walau kwa gemu nyingi ambazo wachoraji wake walizikagua kwenye TV. Hata usafi wenyewe unaweza kuharibu mchoro. Kwenye Sonic the Hedgehog ya 1991, maporomoko ya maji ya Green Hill yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana. Waya wa AV wa rangi ya njano uliichanganya mistari hiyo, jicho likaona maji unayoweza kuona nyuma yake. Kwenye picha kali ya HDMI unaona vijiti vya uzio. Chujio la kuiga TV ya kichogo, ambalo emuleta nyingi (programu za kuiga mashine za zamani) zinalo, linarudisha sehemu kubwa ya athari hiyo.

Mwendo nao una mambo yake. Nchi zilizotumia mfumo wa TV wa PAL zilipata mashine za 50 Hz, na gemu nyingi zilihamishiwa huko bila kurekebishwa, kwa hiyo zilikwenda kwa takribani asilimia 83 ya mwendo wa asili, muziki ukiwa pamoja nazo. Sonic ni mfano unaojulikana. Ukiicheza leo toleo la 60 Hz wakati ulikulia kwenye 50, utahisi gemu imepagawa. Kinyume chake, utahisi inaburuzwa. Chagua toleo la eneo ulilolikulia kwanza, uone kama kumbukumbu na vidole vinakubaliana, ndipo ujaribu jingine.

Kuna kasoro ambazo ni za gemu yenyewe, na hazitibiki kwa kubadilisha TV. NES haiwezi kuonyesha vipande zaidi ya 8 vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja, ndiyo maana maadui wakijipanga sambamba huanza kumetameta. Gemu kulegea mwendo skrini inapojaa risasi ni kichakataji kuzidiwa, na wachezaji wazuri walitumia mlegeo huo kukwepa. Kwenye PlayStation ya kwanza, kuta zinatetemeka kwa sababu mashine iliweka kona za maumbo kwenye pikseli nzima tu, na sakafu zinapinda kamera ikizisogelea kwa sababu haikurekebisha picha zilizobandikwa juu yake kulingana na umbali. Emuleta zinaweza kuondoa haya yote. Mzunguko wa kwanza ningeyaacha.

Sasa mashine yenyewe. Kabla ya kuwasha chochote, soma adapta, si umbo la plagi. Adapta ya NES ya Marekani hutoa volti 9 za AC (umeme wa mkondo geu). NES inazimudu kwa kuwa ina kigeuzi ndani kinachoufanya kuwa DC (mkondo wa upande mmoja). Famicom (NES ya Japani) na Mega Drive ya kwanza zinataka DC yenye hasi katikati ya plagi. Ukichomeka adapta ya NES kwenye mojawapo ya hizo unaweza kuiua papo hapo. Na adapta ya volti 110 kwenye ukuta wa volti 230 huungua kabla hujafika kwenye padi.

NES inayowaka na kuzima taa nyekundu takribani mara moja kwa sekunde mara nyingi si mbovu. Ndani yake kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake kwenye kaseti. Mguso ukiwa mchafu mazungumzo hukatika, na mashine hujianzisha upya bila kukoma. Kupuliza kaseti hakusafishi; kilichosaidia enzi zile ni kuichomoa na kuichomeka tena, na unyevu wa pumzi huleta kutu baadaye. Fungua kaseti kwa bisibisi ya Gamebit ya mm 3.8, chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno yake ya chuma yanayogusana na mashine kwa kufuata urefu wake, badilisha vijiti mpaka kitoke cheupe, kisha acha ikauke dakika kumi. Msasa usiuguse: tabaka la dhahabu kwenye meno ni jembamba mno, na likiondoka meno yataendelea kuchafuka kila baada ya muda mfupi. Kaseti ikiwa safi na taa bado inapepesa, shida mara nyingi ni soketi ya pini 72 ndani ya mashine.

Sehemu inayowaumiza watu zaidi ni sevu, yaani maendeleo yaliyohifadhiwa. The Legend of Zelda ya kaseti, gemu nyingi za Super Nintendo na Pokémon za Game Boy hutunza maendeleo kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na umeme huo hutoka kwenye betri ya lithiamu ya volti 3. Kaseti za NES na Super Nintendo kwa kawaida zina CR2032. Za Game Boy ni CR1616 au CR2025, kwa hiyo soma maandishi kwenye betri yenyewe kabla ya kununua. Pokémon Gold na Silver hula betri haraka zaidi kuliko Red na Blue kwa sababu saa yake hutembea hata kaseti ikiwa kabatini. Ruby na Sapphire ni tofauti: sevu iko kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na betri ikifa kinachosimama ni matukio ya saa tu.

Kwenye kaseti hizo nyingine, betri ikitolewa, sevu inakwenda nayo. Kwa hiyo kama kaseti bado inaonyesha jina lako la utotoni, usiifungue kwanza. Nakili sevu kwenye kompyuta kwa kifaa kama GBxCart RW kwa kaseti za Game Boy, kisha ndipo ufungue na kupima betri. Nunua betri iliyokwisha kushikishwa vibati vyake kiwandani. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri tupu, kwani joto linaweza kuipasua. Pasi ya kulehemu ya nyuzi 350 hivi, sekunde chache kwa kila kibati, chanya na hasi zikiwa zimehakikishwa mara mbili, inatosha. Kubana betri mpya kwa utepe wa gundi badala ya lehemu hufanya kazi mpaka kaseti iangushwe. Ukimaliza, andika sevu mpya, zima, chomoa kaseti, subiri saa kadhaa, ndipo uangalie. Jaribio la sekunde chache halithibitishi kitu, maana chaji iliyobaki kwenye saketi inaweza kukudanganya.

Wanaotumia emuleta wana silaha moja ambayo mashine haina. Gemu nyingi zenyewe husubiri fremu moja au mbili kabla ya kuitikia kitufe. Kwenye RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, simamisha gemu kwa kitufe cha P cha kibodi, shikilia kitufe cha kuruka, kisha bonyeza K kusogeza fremu moja moja huku ukihesabu. Mhusika akianza kusogea kwenye fremu ya tatu, fremu mbili ni za kusubiri, na unaweza kuweka run-ahead (mpangilio unaoziruka fremu hizo) kuwa 2. Usizidishe: ukizidi, fremu za mwanzo za ruko zinamezwa na mhusika anaonekana kukatwa.

Mwisho ni ugumu. Tafuta kwanza kijitabu cha gemu, kwa sababu hadithi, ramani na kazi ya kila silaha viliandikwa humo, si kwenye skrini. Zelda ilikuja na ramani ya kukunjua sandukuni, na anayeicheza bila hiyo anacheza nusu ya kilichouzwa. Kwa gemu za kufa kila mara kama Contra, msimbo wa maisha 30 hauna aibu yoyote: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start, ukiwa kwenye skrini ya kichwa. Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji gemu wa Konami, aliutunga msimbo huo akiijaribu gemu nyingine, Gradius ya 1986, na ikiwa mtengenezaji aliona gemu yake ngumu mno, hakuna anayeweza kukucheka. Sevu za papo hapo za emuleta nazitumia mwanzoni mwa hatua tu. Ukisevu baada ya kila ruko utafika mwisho, ila vidole havitajifunza gemu, na kesho utaanza upya palepale kwenye shimo la kwanza.