Je, wajua kwa nini msonobari wa gome jeupe haumwagi mbegu zake wenyewe?

Okota koni iliyokauka kwenye mashamba ya misindano ya Sao Hill, Mufindi, uikung'ute kiganjani. Kila mbegu inayodondoka ina bawa jembamba kama ganda la kitunguu. Upepo ukivuma, mbegu inakwenda zake.

Marekani na Kanada kuna ndugu wa msindano huo asiyetegemea upepo kabisa. Ni Pinus albicaulis, msonobari wa gome jeupe, unaoota karibu na vilele vya milima ya Rocky, Cascade na Sierra Nevada. Mbegu yake ni kubwa kama punje ya kunde, imejaa mafuta, na haina bawa. Koni nayo ikikomaa haifunguki.

Basi nani anaifungua? Ni ndege wa jamii ya kunguru, Nucifraga columbiana, wa kijivu mwenye mabawa meusi. Anaipasua koni kwa mdomo wake mrefu na kuzitia mbegu katika mfuko ulio chini ya ulimi, ambao hubeba zaidi ya mbegu 100 kwa safari moja. Kisha anazifukia ardhini, chache chache, mara nyingi 3 hadi 5 kwa shimo, kina cha sentimita 2 au 3 tu. Kwa msimu mmoja hufukia makumi ya maelfu. Akiba hiyo huikumbuka kwa alama za mawe na magogo, na hata theluji ikitanda huchimba akaipata. Asizozirudia ndizo zinazoota. Ndiyo maana misonobari hii husimama kwa vichaka: unaodhani ni mti mmoja wenye mashina matatu huenda ni miti mitatu iliyotoka shimo moja.

Kinachonisikitisha ni kwamba uhusiano huu umo hatarini. Ugonjwa wa kutu ulioletwa na kuvu kutoka nje ya bara hilo, pamoja na mbawakawa wanaotoboa magome, umeua miti mingi mno, na koni zikipungua ndege huhamia kwingine. Desemba 2022 Marekani iliuweka msonobari huu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Kwa sasa wataalamu wa misitu hupanda juu ya miti iliyostahimili kutu na kuzifunika koni kwa vizimba vya waya, ndege asiwatangulie, kisha hurudi kuzichuma zikikomaa na kuotesha miche kitaluni. Mche mmoja huchukua miaka 20 hadi 30 kabla ya kutoa koni ya kwanza.