Switch mbili, betri moja: geuza nyuma usome namba

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea Nintendo Switch mbili, mashine za gemu za kushika mkononi, kibandani kwangu hapa Kisumu. Zote za mtumba, zote za kijivu, kanunua kwa bei moja kwa ajili ya wanawe wawili. "Fundi, ya mdogo ina betri mbovu," akaniambia. "Wanacheza gemu ileile, yake inazima mapema na ya kaka yake bado inadunda. Niwekee betri mpya."

Kabla sijashika bisibisi nikazigeuza. Nyuma, upande wa chini, kuna maandishi madogo ambayo lazima uyaelekeze kwenye mwanga ndipo uyasome. Ya mdogo ilikuwa HAC-001, namba ya toleo la kwanza; ya kaka yake HAC-001(-01), toleo la 2019. Hapo nikashuku kwamba betri haina kosa lolote.

Switch ilitoka Machi 2017. Mwaka 2019 Nintendo wakabadilisha vilivyomo ndani, lakini jina na umbo wakaviacha vilevile. Kwa makadirio yao wenyewe, ile ya kwanza hudumu saa 2.5 hadi 6.5 kulingana na gemu. Ya 2019 hudumu saa 4.5 hadi 9. Kwa gemu nzito ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild walitaja saa 3 hivi kwa ya zamani, na 5.5 kwa mpya. Kwa msafiri wa huku, ukianza kucheza basi linapotoka Kisumu, ya zamani itakuzimikia kabla hujaiona Nakuru. Mpya itaipita Nakuru bado ikiwaka.

Wengi hudhani waliweka betri kubwa zaidi. Nilizifungua zote mbili mama akitazama, nikamwonyesha: betri ni HAC-003 kwa zote, mAh 4310, wati-saa 16. Sasa piga hesabu. Wati-saa 16 ukizigawa kwa saa 3, mashine inakula wati 5 na ushee. Ukizigawa kwa 5.5, inakula takriban wati 3. Tangi ni lile lile, injini ndiyo imepunguza ulaji.

Injini hiyo ni chipu ya Tegra X1 ya NVIDIA. Ya kwanza ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 20, ya 2019 kwa nanomita 16, na kilichosaidia zaidi si udogo huo bali umbo la transista, vile vijiswichi vidogo mno vinavyoruhusu au kukata umeme ndani ya chipu. Fikiria mpira wa kumwagilia shamba. Ukiubana kwa kidole kimoja kutoka juu, maji yataendelea kupenya pembeni. Ukiukamata kwa kiganja kizima, yanakatika. Transista za zamani zilibanwa kutoka juu tu, kwa hiyo umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na umeme unaovuja hugeuka joto. Za nanomita 16 zimezungukwa pande tatu. Uvujaji ukapungua, na volti zinazohitajika zikashuka. Memori nayo ilibadilishwa, ikawekwa aina inayotumia volti ndogo.

Kasi ya gemu haikuongezeka, kwa hiyo muuzaji asikutoze zaidi kwa kukuambia kwamba mpya ina nguvu.

Ukinunua mpya kabisa, boksi la 2019 ni jekundu kote. Kwa mtumba usiliamini boksi, na hata mfuniko wa nyuma usiuamini peke yake: nimeshafungua mashine za zamani zilizovalishwa mfuniko wa nyingine. Iwashe, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, utafute namba ya utambulisho (serial number) ya mashine yenyewe, uangalie inavyoanza. Kwa zile zilizotoka masoko ya Marekani na Ulaya, XAW ni ya zamani, XKW ni mpya. Linganisha na ile iliyobandikwa chini. Zisipofanana, rudisha.

Betri ya mdogo niliipima, ilikuwa nzima, nikairudisha mahali pake. Mama akauliza ni ipi ibebwe wakienda kwa nyanya yao Busia Desemba. Nikambandikia kipande cha plasta nyuma ya ile ya XKW.