Oili ikinyonywa kwa juu, uchafu haubaki chini

Mafundi wengi watakuambia kwamba oili ya injini isipomwagwa kwa kufungua bolti ya chini, uchafu wote utabaki kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Basi mwenye gari analala mgongoni chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hatari kubwa kuliko oili chafu yenyewe.

Uchafu haukai chini kama mchanga mtungini. Oili ya kisasa ina viambato vya kusafisha na kushikilia masizi ili yaelee ndani yake. Ndiyo maana hugeuka nyeusi. Ikitoka, inatoka nayo. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, izime, chomoa kijiti cha kupimia oili, kisha pitisha mpira mwembamba wa pampu ya kunyonyea kwenye tundu lake hadi uguse sakafu ya sampo. Tope lililoganda ni kweli halitanyonyeka, lakini hata bolti ikifunguliwa halitoki.

Pima ulichotoa. Injini ya Toyota 1NZ, iliyomo kwenye Probox nyingi, hubeba takriban lita 3.7 pamoja na filta. Ukipata lita mbili tu, mpira haujafika. Usimimine oili mpya bado.

Kikwazo halisi ni filta, maana nayo hubadilishwa pamoja na oili. Kwenye Mercedes-Benz nyingi iko juu, unaifungua umesimama. Kwenye hiyo 1NZ iko chini, kwa hiyo utaingia uvunguni upende usipende. Hapo mimi sioni faida ya pampu.