Unataka kwenda masta ya OT? Soma hii kabla hujalipia maombi

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika simu za kitengo chetu hazipoi, mtu ana diploma ya tiba kwa vitendo (occupational therapy, yaani OT), mwingine ana digrii, wote wanauliza nataka masta nianzie wapi. Swali zuri tu, ila karibu kila mmoja anataka kujua chuo gani kabla hajajua masta ya aina gani, na hapo ndo hela za watu zinapoteketea, maana masta za OT haziko za aina moja.

Kwa wale ambao hata huyo OT mwenyewe hawamjui, ni mtaalamu anayemsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake za kila siku. Mtu wa fiziotherapia atapambana mguu upate nguvu, OT anakuuliza ukishaupata huo mguu unaamkia wapi, jikoni, shambani, sokoni, msikitini? Utawakuta Mirembe kule Dodoma na wagonjwa wa akili, CCBRT Dar na watoto wenye mtindio wa ubongo, na KCMC Moshi ambako wengi wa hapa nchini ndo wamesomea.

Sasa tuje kwenye masta. Ya kwanza ni ile ya kuingilia kwenye fani, hii ni ya mtu ambaye hajawahi kuwa OT kabisa, alisoma labda saikolojia au sosholojia halafu anataka kubadili gia. Uingereza inachukua kama miaka 2, ukimaliza unajisajili HCPC, baraza lao linalosajili wataalamu wa afya, unaanza kazi. Marekani nako, tangu 2007 digrii ya kwanza peke yake haikuingizi kwenye kazi ya OT, lazima masta au ile OTD yao ambayo ni udaktari wa kitaaluma. Mwaka 2017 chombo kinachothibitisha kozi zao, ACOTE, kilitangaza kwamba ikifika 2027 kila anayeingia awe na OTD, kelele zikawa nyingi, mwaka uliofuata wakalisimamisha lile agizo na njia zote mbili zikabaki. Kwahiyo akija wakala anakwambia masta imepitwa na wakati lipia OTD haraka, mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi.

Ya pili ni ya mtu ambaye tayari ni OT. Humu hufundishwi tena kutengeneza splinti, vile vifaa vya kushikilia kiungo, wala majina ya misuli ya kiganja, unafundishwa kutafiti, kupima kama tiba unayotoa inafanya kazi, na kuongoza huduma. Ukitaka jirani kidogo, Afrika Kusini kuna vyuo vikuu vya Cape Town, Stellenbosch na Wits.

Kosa linalojirudia sana ni OT mwenye uzoefu wake kuaplai ile ya kwanza bila kujua, anajikuta anarudia anatomia na fildi (mafunzo ya vitendo na wagonjwa) upya na watoto wa miaka 22, na ikumbukwe Shirikisho la Dunia la OT, WFOT, linataka mwanafunzi apige angalau saa 1000 za fildi kabla ya kufuzu, saa ambazo huyu alishazimaliza zamani kwenye diploma au digrii yake, leo anazirudia kwa ada ya mwanafunzi wa kigeni. Kama nia yako ni kufanya kazi Marekani hapo ni hesabu nyingine, kule NBCOT, bodi inayotoa mtihani wa maOT, ndo wanapitia vyeti vyako kwanza waone vinalingana na vya kwao kabla hujaruhusiwa kufanya mtihani, anzia hapo, usianzie chuoni.

Na ndugu zangu wa diploma niwaambie mapema tu, kwenye ngazi zetu za elimu, zile NTA, diploma ni NTA 6, masta ni 9, katikati kuna digrii yaani NTA 8 na haina njia ya panya. Anayekuuzia masta bila hiyo digrii ujue unauziwa karatasi.

Skolashipu nazo zina mambo yake. Chevening kwa mfano, ile ya serikali ya Uingereza, inalipia masta ya mwaka mmoja tu na inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, sasa wewe unaombea ile masta ya miaka 2 ya kuingilia fani, hata insha zako ziandikwe vizuri vipi haitoki. Lakini OT aliyeko kazini anayeomba masta ya utafiti ya mwaka mmoja, huyo anaingia kabisa kwenye vigezo. Ndo maana nasema aina kwanza, chuo baadae.

Haya, tuseme aina umeijua. Kitu kinachomtofautisha anayepata na anayekosa, kwa maoni yangu, ni swali la utafiti. Barua nyingi tunazoombwa kuzipitia zinasema napenda sana fani yangu nataka kuongeza ujuzi, sawa, lakini kila mtu anapenda. Swali linatoka wodini. Chukua Barthel, kile kipimo tunachotumia kwa wagonjwa wa kiharusi, kimechapishwa 1965, kina vipengele 10 na ukifanya vyote mwenyewe unapata 100. Kupanda ngazi kuna alama 10. Sasa mama wa Rombo nyumba yake haina ngazi hata moja, kipengele chenyewe kwake hakina maana, ila choo chake ni cha kuchuchumaa, anapika amekaa kwenye kigoda, ndoo ya maji anaibeba kichwani, na akiwa Muislamu anahitaji kusujudu na kuinuka kwenye swala tano za siku. Hayo kipimo hakimuulizi. Anaruhusiwa na alama zake 90 nzuri kabisa kwenye faili, akifika nyumbani hawezi kuinuka chooni bila kushikwa mkono na mkwe wake, na hiyo aibu peke yake inamfanya apunguze kula ili asiende chooni. Hapo tayari una masta nzima, tena supavaiza yeyote mwenye akili atakujibu siku hiyo hiyo.

Wala usione kazi ya masta ni ndogo. Gary Kielhofner aliandika tasnifu yake ya masta pale University of Southern California mwaka 1975, humo ndo ilianzia MOHO (Model of Human Occupation), modeli ambayo leo kila mwanafunzi wa OT anaikariri mpaka anaichukia. Na Michael Iwama pamoja na maOT wa Japani waliona nadharia za Magharibi zinamchukulia mtu kama yuko peke yake duniani, haziendani na wagonjwa wao, wakaja na modeli ya Kawa, inayoyachora maisha kama mto wenye mawe na kingo zake. Sisi wa huku mgonjwa anakuja kliniki na shangazi, kaka na jirani, na anayeamua kama mazoezi yatafanyika nyumbani mara nyingi hata sio mgonjwa, bado tunajaza fomu zenye nafasi ya sahihi ya mtu mmoja.

PhD sitaiongelea sana, ni ya anayetaka kufundisha na kutafiti maisha yake yote, kama humo haumo usijitese. OTD tofauti yake ni kwamba imelenga zaidi utendaji, mwishoni kuna mradi wa wiki 14 unaufanyia sehemu halisi ya kazi.

Kabla hujatuma chochote, kama umeajiriwa pata ruhusa ya masomo kwa maandishi, sio ya mdomo na daktari mfawidhi kwenye korido. Uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama watakitambua hicho cheti cha nje ukirudi nacho, hasa zile kozi za onlaini. Halafu mwandikie supavaiza barua pepe ya aya mbili, ya kwanza useme unafanya kazi wapi na wagonjwa gani, ya pili swali lako. CV ambatanisha, usimmwagie vyeti vyote mpaka cha ubatizo. Wiki mbili zikipita kimya mkumbushe mara moja, akinyamaza tena hamia kwa mwingine.