Hukumu potofu katika kesi za kunyongwa: ni nini, na hutokea vipi

Hukumu potofu ni pale mahakama inapomtia mtu hatiani kwa kosa ambalo hakulitenda. Wengi huishia hapo. Ipo sura ya pili, ambayo kwenye kesi za mauaji ina uzito uleule: mshtakiwa kweli alisababisha kifo, ila hakukusudia. Sheria inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila ya kukusudia. La kwanza linampeleka mtu kwenye kitanzi, la pili kwenye kifungo. Mahakama ikiisoma vibaya nia ya mtu katika ugomvi wa dakika mbili, hukumu imepotoka, hata kama mkono uliopiga ulikuwa wake.

Lipo jambo linalochanganywa sana mabarazani. Adhabu ya kunyongwa hapa Zanzibar haitokani na kisasi cha kisharia. Mahakama ya Kadhi inashughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo kama hayo, jinai haimo. Kesi ya mauaji inakwenda Mahakama Kuu ya Zanzibar, kwa utaratibu ambao asili yake ni Waingereza. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, warithi wa aliyeuawa wanaweza kudai kisasi, kupokea diya (fidia ya damu) au kusamehe, na msingi wake ni aya ya 178 ya Suratul Baqara. Katika Mahakama Kuu, mwenye kesi ni serikali, na familia ikisamehe kesi haifi. Kwa hiyo anayesema "dini ndivyo inavyotaka" amechukua adhabu upande mmoja na kuziacha breki zake upande wa pili.

Na breki kubwa kuliko zote ni shubha, yaani shaka. Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Bi Aisha hadithi inayoamrisha kuwaepusha Waislamu na adhabu za hudud, yaani zile zilizowekwa na dini, kadiri inavyowezekana, kwani imamu kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Wanazuoni wameizungumza sanadi yake, lakini kanuni yenyewe, kwamba shubha huondoa adhabu, imekaa imara katika vitabu vya fiqhi. Sheria ya kiserikali nayo inasema lake kwa njia nyingine: upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila ya kuacha shaka yoyote ya maana. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakufanya.

Ikiwa breki zipo, makosa yanapitia wapi? Mara nyingi kwenye macho ya shahidi. Tuseme mtu ameuawa usiku kwenye shamba la mikarafuu, na jirani anasema alimuona muuaji kwa mwanga wa tochi. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka vipimo ambavyo mawakili wanavitumia hadi leo: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa aina gani na mkali kiasi gani, na je, alimjua kabla? Hilo la mwisho linawadanganya wengi. Vijijini kwetu kila mtu anamjua mwenzake, kwa hiyo shahidi akisema "namjua, nimekua naye" tunaona yamekwisha. Mahakama zimeonya mara nyingi kwamba watu huwakosea hata jamaa na marafiki zao. Shahidi wa namna hii simuiti muongo. Anaamini anachokisema, na ndiyo sababu ni vigumu kumtikisa.

Msomali mmoja, baharia Mahmood Mattan, alinyongwa Cardiff, Uingereza, mwaka 1952 kwa mauaji ya mwanamke mwenye duka. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, na wakili wake mwenyewe alimwita mbele ya baraza la wazee wa mahakama mtu nusu mshenzi. Ushahidi ulimtegemea zaidi mtu mmoja, ambaye maelezo yake ya awali kwa polisi hayakulingana na aliyoyasema kizimbani. Upande wa utetezi haukuambiwa. Mkewe na watoto walipigania jina lake mpaka mwaka 1998, mahakama ya rufaa ilipoifuta hukumu. Miaka 46 ilikuwa imepita.

Hapa nyumbani tuna mfano wa mlango mwingine: utaratibu. Baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, kesi ya uhaini ilisikilizwa na mahakama ya wananchi, ambamo mawakili wa kujitegemea hawakuruhusiwa. Abdulrahman Babu, waziri wa zamani aliyekuwa kizuizini Bara na ambaye Serikali ya Muungano ilikataa kumrudisha Zanzibar, alihukumiwa kifo mwaka 1974 bila ya kuwepo mahakamani. Aliachiwa mwaka 1978, akafundisha katika vyuo vikuu Marekani, akafariki London mwaka 1996. Hata anayeamini kwamba Babu alihusika hana budi akubali kwamba mtu asiyesikilizwa hawezi kuhukumiwa kwa haki. Mahakama zile zimeshafutwa.

Kuna pia shaka inayobaki. Jaji anaweza kuridhika na ushahidi kiasi cha kutia hatiani, na bado moyoni pakawa na kitu kidogo hakijakaa sawa. Katika makosa mengine kitu hicho kinaingia kwenye adhabu, anapunguza miaka. Sheria inapomlazimisha kutamka kifo, hakina pa kuingia. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima iliyomo katika sheria ya Tanzania Bara inakiuka haki ya kuishi, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima. Kwa maoni yangu ndipo lilipo tatizo kubwa, kuliko hata kitanzi chenyewe, ambacho Tanzania haijakitumia tangu katikati ya miaka ya 1990.

Aliyehukumiwa kifo na Mahakama Kuu ya Zanzibar anakata rufaa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Akishindwa huko, anaweza kuomba mapitio, lakini sababu zinazokubaliwa ni chache na hairuhusiwi kuifungua kesi upya. Kinachobaki ni msamaha wa Rais wa Zanzibar, ambaye Katiba ya 1984 inampa uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu. Msamaha huo unamtoa mtu kwenye kamba, lakini hausemi kwamba hakuua. Hatia inafutwa na mahakama tu.