Mlango wa gereji umegoma kufunguka? Mota iache kwanza

Simu za asubuhi nazitambua kabla mtu hajamaliza salamu. Amechelewa kazini, gari liko ndani, rimoti imebonyezwa mpaka kidole kimechoka, na hukumu imeshatolewa: "Fundi, mota imekufa." Nikifika, mara nyingi naikuta mota nzima. Mara nyingine naikuta imekufa kweli, lakini ilikuwa hai saa moja kabla, ila mwenye nyumba kaiua mwenyewe kwa kuilazimisha.

Simlaumu. Unaona boksi limefungwa darini, unabonyeza, mlango unapanda, basi unaamini boksi ndilo linaloubeba. Ukweli ni kwamba mlango mpana wa chuma, ule wa magari mawili, unaweza kufika kilo 100, na mota yako haina ubavu wa kuunyanyua mzigo huo siku baada ya siku. Wabebaji ni springi. Mlango ukishuka, springi hukazwa na kuhifadhi nguvu. Ukipanda, zinairudisha nguvu hiyo. Zikiwa zimepimwa vizuri, kilo zile 100 zinabaki chache tu mkononi, na mota inasukuma hizo chache. Ndiyo maana swali langu la kwanza halihusu umeme hata kidogo. Nataka kujua kama mlango wenyewe ni mwepesi au mzito.

Kabla ya kugusa chochote, simama ndani ya gereji na tochi, utazame juu. Milango mingi ina springi nene, ya msokoto, iliyovishwa kwenye mhimili wa chuma juu ya fremu. Ikikatika, utaona pengo la sentimita kadhaa katikati ya mizunguko yake, kama jino lililong'oka. Milango mingine ina springi mbili ndefu zinazovutika, moja kila upande juu ya reli, na iliyokatika huwa imelegea au inaning'inia. Waulize pia watu wa nyumbani kama walisikia kishindo usiku. Springi ya msokoto ikikatika hulia kama risasi, na karibu kila nyumba huambiwa ni kitu kimeanguka jikoni.

Springi za kawaida hutengenezwa zidumu kama mizunguko 10,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufungua na kufunga. Nyumba inayofanya hivyo mara nne kwa siku itazimaliza kwa takriban miaka saba. Hivyo fundi akikwambia springi imechoka, hakutafutii hela, ni umri.

Ukiliona lile pengo, weka rimoti mezani. Mlango ukiwa umefungwa kabisa hauna madhara, gari litasubiri. Ukiwa umeishia nusu, wasogeze watu wote, wala usivute ile kamba nyekundu inayoutenganisha mlango na mota, kwa sababu kinachouzuia usidondoke huenda ni mota peke yake. Na kubadilisha springi ya msokoto usijaribu. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kutumia bisibisi badala ya zile fimbo mbili za chuma zinazotoshea tundu la kukazia. Bisibisi ilichomoka, ikapita karibu na sikio langu na kutoboa dari ya mbao. Mkuu wangu hakusema neno. Aliiacha pale darini wiki nzima ili niione kila nikiingia.

Tazama pia waya za chuma zinazotoka chini ya mlango kwenda kwenye puli za juu. Waya mmoja ukiruka kwenye puli, mlango hukaa upogo, upande mmoja juu na mwingine chini. Huo nao si wa kubonyeza tena. Kila jaribio linaubana zaidi ndani ya reli.

Springi nzima, waya ziko mahali pake? Sasa fanya jaribio linaloamua mambo. Mlango ukiwa umefunga kabisa, chomoa plagi ya mota, vuta kamba nyekundu ili mlango uachane na mota, halafu unyanyue kwa mikono miwili, taratibu. Mlango mzima unapanda bila kukutoa jasho, na ukiuachia usawa wa kiuno unatulia hapo, au unasogea kidogo tu. Ukishindwa kuuinua, springi zimeishiwa nguvu hata kama hazijakatika. Ukikwama mahali palepale kila mara, chunguza reli hapo: gurudumu limevunjika, bawaba imepinda, au gari liliigonga reli na dereva akanyamaza. Ukigoma kabisa kutoka chini, angalia komeo la mkono. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya komeo tu, na hapo kuandika ankara ni aibu kwangu na kwa mteja. Kwenye baridi kali, mpira wa chini huganda sakafuni. Ugandue kwanza, usiung'oe kwa nguvu za mota.

Mlango ukiwa mwepesi mkononi, sasa ndiyo mota ina kesi ya kujibu. Urudishe mlango chini, chomeka umeme, bonyeza mara moja, usikilize.

Kimya kabisa, hata taa haiwaki: jaribu soketi hiyo kwa taa nyingine, kisha angalia breka. Swichi ya ukutani inafanya kazi lakini rimoti haifanyi: betri ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini usisahau kitufe cha kufungia rimoti kilichopo kwenye swichi nyingi za ukutani. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, rimoti zote zinapuuzwa kwa pamoja, na taa ndogo ya swichi huanza kumetameta. Ukiona rimoti mbili zimekufa siku moja, anza na kitufe hicho. Balbu za LED zisizo na ubora zikiwekwa kwenye boksi la mota nazo huvuruga mawimbi ya rimoti. Ichomoe balbu ujaribu tena kabla hujanunua rimoti mpya.

Mota inavuma lakini hakuna kinachosogea: kwa mota za aina ya zamani mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo muachie anayejua kuimaliza. Mota inazunguka kwa bidii lakini mnyororo umesimama: fungua kifuniko, na ukikuta unga mweupe wa plastiki, gia imesagika. Na gia haisagiki bila sababu. Karibu kila ninapoibadilisha, nakuta mlango ulikuwa mzito kwa miezi na mota ikabebeshwa kazi ya springi. Ukiweka gia mpya bila kurekebisha springi, utaniita tena.

Mnyororo unatembea ila mlango umetulia: mtu alivuta kamba nyekundu, akasahau. Kile kigari kinachoteleza chini ya reli ya mota hakijashikana na mlango. Rudisha kishikio mahali pake jinsi kitabu cha mota yako kinavyoelekeza, endesha mota mpaka usikie kinanasa.

Mota ikifanya kazi kisha ikakata kabisa baada ya majaribio mengi, huenda imepata joto na kinga yake imeizima. Iache ipoe nusu saa. Ikiinua kidogo na kuacha kila mara, kuna skrubu au kitufe cha kuongeza nguvu, na najua mkono unawasha kukizungusha. Uzuie. Kipimo kile kipo ili mota isimame ikikutana na kizuizi, na kizuizi kinaweza kuwa mtoto.

Nusu ya wanaonipigia wameshafuta vumbi kwenye zile sensa mbili ndogo zinazotazamana karibu na sakafu. Zimewekwa kuzuia mlango usimshukie mtu. Marekani, mota za nyumbani zinazotengenezwa tangu 1993 lazima ziwe na kinga ya namna hiyo. Zikichafuka au zikipinda, mlango hukataa kufunga. Kufungua haziuzuii. Kwa hiyo zisafishe kwa usafi wake, ila usitegemee gari litoke kwa kitambaa hicho.

Yote haya yanadhani unaweza kuingia ndani. Kama gereji haina mlango mwingine na umeme umekatika, kamba nyekundu iko upande usioufikia. Kwa hali hiyo milango mingi huwekewa kitasa kidogo cha mviringo upande wa juu, nje, chenye waya uliofungwa kwenye utaratibu uleule wa kamba. Ukikifungua na kuuvuta waya, mlango unaachana na mota. Tafuta ufunguo wake leo ukiwa huna haraka, uujaribu, kisha uuweke popote isipokuwa ndani ya gereji. Mteja wangu mmoja aliutundika vizuri kabisa kwenye msumari, kando ya mota.